FUMBO KUBWA
Waefeso 5, 32 na historia ya Jamaa katika Katanga

Ndugu waseminari, na ninyi wakatekista munaosaidia mapadri katika kazi ya Mungu,

Katika sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, Mutume Paulo anafundisha juu ya mume na muke. Kisha, kwa aya ya 32, analiita jambo hilo fumbo kubwa, naye analielekeza kwa Kristu na Eklezya. Tunasoma maneno hayo siku za arusi, watu wanaitika Amina, halafu wanakwenda kula. Ni wachache wanaouliza: Fumbo gani? Na limefichwa kwa nani?

Katika Katanga yetu walikuwako watu waliouliza. Walikuwa wafanya kazi wa mashimo ya shaba na wake zao. Historia yao ina mambo ya kutufurahisha na mambo ya kutuonya, tena inafaa tuijue mbele ya kufundisha wengine.

I. Neno lenyewe

Paulo aliandika kwa Kigiriki neno mysterion. Linaonekana mara sita katika waraka huu mumoja. Biblia ya Kilatini inalitafsiri mara nyingi kwa neno sacramentum, na ndivyo ilivyo hata kwa aya yetu. Kwa sababu hiyo walimu wengi wa zamani waliona pale ushuhuda wazi wa sakramenti ya ndoa. Mutaguso wa Trento, mwaka 1563, ulisema kwa uangalifu zaidi: Paulo anaidokeza tu neema ya sakramenti hii. Ni fundisho kwetu pia: tusijenge nyumba nzima juu ya neno moja la tafsiri.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna maneno mawili, fumbo na siri. Yanakaribiana, lakini hayakuzaliwa na mama mumoja. Siri ni neno ambalo wawili wanalijua, na wa tatu anafukuzwa. Fumbo ni neno ambalo wote wanalisikia; maana yake iko ndani, nayo inafumbuliwa polepole.

Paulo alitaka kusema lipi? Jibu liko katika waraka ule ule, sura ya 3. Fumbo lilikuwa limefichwa tangu zamani, sasa limefunuliwa: mataifa yote ni warithi pamoja na Wayahudi, na Eklezya ina kazi ya kulijulisha. Basi kwa Paulo fumbo ni mulango uliokwisha kufunguliwa. Tushike sana jambo hili, maana yote yanayofuata yanategemea hilo.

II. Kolwezi

Padri Placide Tempels, Mufransisko, alizaliwa katika Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Alifanya utume miaka mingi katikati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake La philosophie bantoue kilitolewa katika Elisabethville, muji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Ndani yake alionyesha kwamba watu wa nchi hii wana hekima yao yenye utaratibu juu ya uzima na nguvu. Wengi walikisifu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto aliyeongoza Eklezya katika Elisabethville, hakukikubali.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuja nyuma ya kitabu. Tempels mwenyewe alieleza namna moyo wake ulivyogeuka. Alikuja kama bwana mwenye majibu yote, akafundisha, na mafundisho hayakushika. Mwishoni akaanza kuuliza watu: Munatamani nini? Akasikia mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Akashangaa kuona kwamba yeye naye alitamani yale yale. Tangu hapo hakuwa tena mwalimu juu ya watu, bali mutu pamoja na watu. Mwaka 1953, katika parokia ya Ruwe karibu na Kolwezi, ndipo Jamaa ilipoanza.

Tuangalie udongo ambamo mbegu hii iliangukia. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampani ya Union Minière ilitaka wafanya kazi wakae katika kampi pamoja na wake na watoto wao, kusudi kazi isimame imara. Nyumba zikajengwa, posho na shule vikapatikana. Lakini watu walitoka kabila nyingi, nao walikuwa mbali na wazee wao. Mume na muke wakigombana, hapakuwa tena na mujomba wala shangazi wa kuwapatanisha. Mume alikuwa na mushahara. Muke, aliyekuwa na shamba lake kijijini, sasa alingoja mukono wa mume. Ndoa nyingi zilikuwa za Kikristu kwa kitabu cha parokia, na nyumbani zilikuwa kimya.

Katika kimya hicho Jamaa ilileta neno. Watu waliitana baba na mama. Waliketi pamoja jioni, mume na muke wake, wakafundishana mawazo. Bwana Yezu na Bikira Maria walikuwa kwao mufano wa kwanza wa umoja wa roho. Mwanaume aliyezoea kuamuru akajifunza kumufungulia muke wake moyo na kusikia wa kwake.

Ndugu, wengi wetu tukihubiri Waefeso 5 tunasimama kwa aya ya 22, inayosema juu ya utii wa wake. Tunasahau aya ya 21, inayowataka Wakristu wote watiiane, na aya ya 25, inayomuagiza mume apende kama Kristu aliyejitoa kwa ajili ya Eklezya. Wanaume wa kampi waliziona aya hizo zote wakazitia katika maisha yao. Padri naye aliyeingia Jamaa hakuingia kama mukubwa: alikubali kuzaliwa katika roho na Wakristu wake mwenyewe.

III. Fumbo likageuka siri

Hata hivyo hatari ilikuwamo tangu mapema. Mafundisho yaligawanyika kwa ngazi zilizoitwa njia, na mutu ambaye hajafika njia fulani hakuambiwa mambo yake. Ndoto zikapewa nafasi kubwa katika kumupokea mutu. Polepole wengine wakaanza kufikiri kwamba wao wana fumbo, na Wakristu wa parokia wana maneno matupu tu.

Mwaka 1962 Tempels alirudi Ubelgiji, asirudi tena Katanga. Akafa huko mwaka 1977. Kikundi kilichoitwa Katete kilikuwa kimetokea kando ya Jamaa. Watu wake walishitakiwa kwamba walifasiri umoja wa roho kama umoja wa mwili, hata kati ya watu wasio mume na muke. Tuangalie kosa la namna hii linavyozaliwa. Mutu anakamata aya ya 31 na ya 32, juu ya mwili mumoja na fumbo kubwa, anaziacha nyingine. Lakini aya ya 3 ya sura ile ile inakataza uasherati hata kutajwa katikati ya watakatifu! Hakuhitaji kitabu kingine cha kumusahihisha. Ukurasa ule ule ulitosha.

Katika miaka ya 1970 maaskofu walichukua hatua kali, na watu wengi wa Jamaa wakajikuta inje ya Eklezya waliyoipenda. Ilikuwa haki kulinda kundi. Lakini ni haki vile vile kusema kwamba Jamaa na Katete hazikuwa kitu kimoja, na kwamba mutu anayeshukiwa bila kusikilizwa anajifunza kunong'ona. Siri ina wazazi wawili: kiburi cha anayeficha, na woga wa asiyetaka kusikiliza.

IV. Sisi tufanye nini?

Mwaka 1965 Mutaguso wa pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 12, ulifundisha kwamba kila neno la Maandiko lisomwe katika umoja wa Maandiko yote, pamoja na mapokeo hai ya Eklezya yote. Tukiliweka fundisho hilo mbele ya historia yetu, tunapata mambo matatu.

Kwanza, tusisome Waefeso 5, 32 peke yake. Tuisome sura ya 5 tangu mwanzo, na sura ya 3 kwanza.

Pili, tufundishe wachumba na watu wa ndoa wakiwa wawili pamoja, na mulango wazi. Fundisho ambalo padri au katekista anaogopa kulisema mbele ya parokia nzima si fumbo la Paulo.

Tatu, tusikubali woga wa makosa utufunge kinywa. Watu wa Kolwezi hawakupotea kwa sababu walitafakari sana. Waliopotea ni wale waliotafakari peke yao, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa padri wa kuketi nao.

Siku moja mume na muke watakuja kwenu jioni, wakiuliza maana ya neno walilolisikia siku ya arusi yao. Musiwape karatasi na kuwaaga. Wapeni kiti, fungueni Kitabu, na muanze kwa kuwasikiliza.