Mahari ya Neno Moja

Je, cheo ni pambo tu? Hebu tuiulize dola ya Trebizond, pwani ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1204, mwaka ule ule Wanamsalaba walipoiteka Constantinople, ndugu Alexios na David Komnenos waliutwaa mji huo kwa msaada wa Malkia Tamar wa Georgia. Watawala wake wakajiita makaisari wa Warumi.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Jeshi la Michael wa Nane liliikomboa Constantinople mwaka 1261, naye akakitaka cheo hicho peke yake. Basi mwaka 1282, John wa Pili wa Trebizond alipokwenda kumwoa Eudokia, binti Michael, aliyavua mavazi ya kikaisari kabla ya kuingia mjini, akapewa cheo cha ‘despotes’, yaani bwana.

Kwao, hata hivyo, alibaki kaisari: ‘wa Mashariki yote, Waiberia na Ng’ambo’. Waiberia ni Wageorgia. Ng’ambo ni Crimea. Lililokosekana ni ‘Warumi’. Neno hilo moja ndilo lililokuwa mahari.

Je, alipunjwa? Constantinople ilianguka 1453. Trebizond ilisimama hadi 1461.