Picha ya Babu na Kipande Chake

Katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo, picha ya kwanza ya ukoo haikupigwa Uha. Ilipigwa Tanga, Korogwe au Morogoro, na aliyepigwa alikuwa manamba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na zama za Mwingereza ikawachukua vijana wa nyanda zetu za Kitanga kuelekea mashariki kukata mkonge. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ambayo wazee waliiita Silabu. Mtu alipewa namba, na hiyo namba ndiyo iliyozaa jina.

Babu yangu alikwenda mwaka 1954. Alirudi na blanketi, sufuria mbili na picha moja ya sentimeta 6 kwa 9. Ndani yake amesimama pekupeku, shati limechanika begani, na mkono wa kulia umeshika karatasi kifuani. Sisi wajukuu tulidhani ni barua. Shangazi ndiye aliyetueleza kuwa ni kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo kibarua alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Babu alikimaliza, akaenda studio nacho. Wengine hupigwa picha na shahada. Nami nilipopata yangu Chuo Kikuu nilisimama vivyo hivyo bila kufikiri.

Picha hiyo ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai. Operesheni Kigoma ilipoanza mwaka 1972 na watu wakahamishiwa vijijini, nyumba ilibaki, shamba lilibaki, kopo likaenda.

Aliyeiharibu ni mimi. Mwaka 2014, nikiwa likizo, niliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini nikamwambia, “Nisafishie hii, unikuzie.” Ndugu wasomaji mnajua kwamba kwetu kusafisha picha ni kuichapa. Fundi yeye aliisafisha kweli. Aliipangusa kwa kitambaa chenye maji, na utando wa jelatini unaobeba chembe za fedha, ambazo ndizo picha yenyewe, ukavimba na kubanduka pembeni. Ule mkono wenye kipande ukaenda na kitambaa. Kisha akaijazia kwa kompyuta: babu akapata suti, viatu, maua nyuma yake, na uso mweupe kuliko wa mtu yeyote wa ukoo wetu. Ilikuwa kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Shangazi aliitazama kitambo, akasema, “Huyu si baba,” akaigeuza ukutani.

Sikuwa na la kujibu. Wokovu ulitoka kwa mwenzangu wa dawati moja hapa shuleni, ambaye mwaka 2011, tulipokuwa msibani kwa bibi, aliipiga ile picha kwa simu. Ilikuwa na nukta 1,600 kwa 1,200. Uchapaji mzuri hutaka nukta 300 katika kila inchi, basi hesabu haidanganyi: haikuweza kuzidi sentimeta 13 kwa 10 bila kufifia. Shangazi alitaka kubwa, tukamchapia ndogo. Kipande kinaonekana, namba yake haisomeki. Laiti ningalipitisha ile ya awali kwenye skana kwa nukta 1,200 kwa inchi kabla ya fundi kuigusa, tungalipata picha ya sentimeta 24 kwa 36, na pengine namba ya babu pia.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu wa ndugu na jamaa. Husema kwamba fundi apewe nakala, na ya awali irudi nyumbani siku ile ile. Mkwaruzo uzibwe kwenye nakala, lakini shati lililochanika libaki limechanika. Upande wa nyuma nao upigwe, maana huko ndiko kwenye muhuri wa studio na majina. Ukitaka kuongeza jina, andika kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Picha iliyogandia kioo isibanduliwe. Ipigwe ikiwa humo humo. Albamu zenye kurasa za gundi ni adui, na moshi wa jikoni ni adui mwingine. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku mahali pakavu, inatosha hata katika mvua zetu za Novemba hadi Mei.

Za rangi za miaka ya 1970 zina haraka zaidi kuliko nyeusi na nyeupe. Rangi zake hufifia hata gizani, ndiyo maana harusi nyingi za wazazi wetu sasa ni nyekundu tupu. Hizo zinakiliwe kwanza, nakala moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mbali.

Wanafunzi mliopo, simu zenu leo zina nukta nyingi kuliko ile iliyomwokoa babu. Picha za madarasa yetu zilizotundikwa hapa shuleni zinapigwa jua kila alasiri, na baadhi ya walio ndani yake hawapo tena. Siku ya mkutano nitakuja na skana. Atakayeleta picha aje nayo kama ilivyo, hata vumbi asilifute, na kama kuna mzee anayejua majina, aje naye.