Selulosi na Tundu la Tumbo

Huko Kalima, mji wa machimbo ya kasiteriti katika jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno fistula huwakumbusha wengi maradhi yanayowapata wanawake baada ya uzazi mgumu. Lakini katika utabibu jina hilo hutajwa kwa njia yoyote isiyo ya kawaida iliyotoboka kutoka kiungo cha ndani hadi kingine au hadi kwenye ngozi, na ni fistula ya tumbo la chakula iliyowawezesha wataalamu kutazama mmeng'enyo ukiendelea ndani ya mtu aliye hai.

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya ilimpasua ubavu Alexis St. Martin, kijana wa biashara ya manyoya, na jeraha lake likapona bila kuziba, likiacha tundu hadi tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alitumbukiza humo vipande vya chakula vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, akavivuta na kuvichunguza, kisha mwaka 1833 akachapisha kitabu. Ivan Pavlov, aliyewatoboa mbwa matundu kama hayo kwa makusudi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Wote wawili walitaka maji ya tumbo yatoke, yaani mchanganyiko wa asidi na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Jinsi maji hayo yanavyoichoma ngozi, ambayo nayo ina protini nyingi, halikuwa swali lao kuu.

Jibu la jinsi ya kuikinga ngozi lilitoka kwenye mimea. Selulosi, inayojenga kuta za seli za miti na pamba, haiyeyuki katika maji; lakini ikitiwa soda kali na asidi ya kloroasetiki hugeuka kaboksimethiliselulosi, ambayo ikinyonya maji huvimba na kuteleza kama uji mzito.

Katika miaka ya 1970 ilienea Stomahesive, bamba laini la kubandikwa kwenye ngozi kuzunguka tundu, lenye kaboksimethiliselulosi pamoja na pektini, gelatini na gundi ya poliisobutileni. Hukatwa kwa mkasi kulingana na ukubwa wa tundu, na unyevu unapolifikia, selulosi huvimba na kuziba upenyo ambamo asidi ingepita. Pepsini huweza kuila gelatini, lakini selulosi haiwezi kuila. Hata hivyo, jasho la nchi ya ikweta hulibandua mapema, na hufaa libandikwe tundu linapoanza kuvuja, kabla ngozi haijaanza kuwaka.