Mimba zabibu: utambuzi na ufuatiliaji wake Kanda ya Ziwa

Mimba zabibu ni mimba iliyokosewa tangu kutungwa. Badala ya kondo la nyuma la kawaida, tumbo la uzazi hujaa vifuko vya majimaji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Katika aina kamili, yai halina vinasaba vya mama. Mbegu ya baba hujirudufu, au huingia mbili, na mtoto hakuna kabisa. Katika aina nusu, mbegu mbili hulirutubisha yai moja, kila seli ikabeba kromosomu 69 badala ya 46, na kijusi kikianza hakiishi. Hutokea zaidi kwa wasichana wadogo na kwa waliovuka miaka 40. Mama hakula kitu kibaya, hakubeba ndoo nzito kupita kiasi, wala hakulogwa. Hilo aambiwe siku ya kwanza, mumewe na mama mkwe wakisikia.

Dalili ya kawaida ni kutokwa damu katika miezi ya mwanzo. Wengine hutapika mno, tumbo likawa kubwa kuliko umri wa mimba, au shinikizo la damu likapanda kabla ya wiki 20. Ultrasaundi huonyesha vitundu vingi na, katika aina kamili, hakuna mapigo ya moyo. Kipimo cha mkojo kinaweza kudanganya: homoni ya mimba, hCG, ikizidi mno, kipimo huweza kusoma kuwa hakuna mimba.

Tiba ya kwanza ni kusafisha kizazi kwa kufyonza, damu ya kuongezea ikiwa tayari, kwa sababu mama anaweza kuvuja sana. Mwenye kundi la damu hasi hupewa sindano ya kulinda mimba zijazo.

Baada ya hapo ndipo wengi hupotea. Kilichotolewa kikionekana ni mimba iliyoharibika tu, hutupwa, na mama huenda nyumbani. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, Uganda, na kuchapishwa 2018, ulikuta mimba zabibu kwa 11 kati ya wanawake 181 waliosafishwa kizazi. Kwa macho peke yake aina nusu hupita kirahisi. Kinyama kikiwekwa kwenye fomalini kikafika kwa mtaalamu wa patholojia, jibu hupatikana. Kwa mikoa ya Tanzania inayozunguka Ziwa Victoria, rufaa ya juu ni Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971 juu ya kilima jijini Mwanza, yenye madaktari bingwa wa wanawake, maabara ya patholojia na idara ya saratani.

Ufuatiliaji ni kuitazama hCG ikishuka. Damu hupimwa kila wiki moja au mbili hadi homoni irudi kawaida. Baada ya aina nusu, kipimo kimoja cha kuthibitisha hufanywa mwezi mmoja baadaye. Baada ya aina kamili, vipimo vya kila mwezi huendelea kwa miezi 3, ingawa hospitali nyingi bado hufuata miezi 6. Kinachotakiwa ni kiasi cha homoni kwa tarakimu. Kipimo cha mkojo cha zahanati husema ndiyo au hapana tu, na hakiwezi kuonyesha kama homoni imeshuka nusu au imegoma.

Kwa mama wa kisiwa cha Ukerewe, kila kipimo ni nauli ya meli kutoka Nansio, chakula cha njiani na siku ya shamba au ya dagaa iliyopotea. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko, lakini visiwani bado ni maji. Naona ni haki ya mama huyu damu ichukuliwe wilayani na sampuli ndiyo isafiri, majibu yarudi kwa simu. Akidai kila tarakimu iandikwe kwenye kadi yake, na tarehe yake, hadai makuu.

Haraka ya kufuatilia yatokana na hili: katika aina kamili, wanawake 15 hadi 20 kwa kila 100 hubaki na seli zinazoendelea kukua, katika aina nusu ni 1 hadi 5. Hugundulika homoni isiposhuka katika vipimo vinne vya wiki tatu, au ikipanda katika vitatu vya wiki mbili. Seli hizo hupenda mapafu. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, mwanamke anayekohoa damu miezi kadhaa baada ya mimba kuharibika anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu bila hCG kupimwa, hata kama makohozi yake hayana vimelea.

Hata seli hizo zikifika huko, ugonjwa unatibika. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, nchini Marekani, waliripoti kuwa dawa ya methotrexate inayeyusha saratani ya kondo iliyokwisha kusambaa, mojawapo ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake. Leo wagonjwa wenye alama 6 au chini katika kipimo cha hatari cha FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, hupona karibu wote, mara nyingi kwa dawa moja na kizazi kikibaki salama. Wenye alama 7 na zaidi huhitaji mchanganyiko wa dawa.

Katika miezi ya kupimwa mama asishike mimba, kwa kuwa mimba mpya hupandisha homoni ileile na kuficha ugonjwa. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango vinafaa. Kitanzi kisubiri homoni irudi kawaida. Kisha anaweza kuzaa. Uwezekano wa kurudiwa ni kama 1 kati ya 100, hivyo mimba inayofuata hupigwa ultrasaundi mapema, na hCG hupimwa tena wiki 6 baada ya kujifungua.