Nyoka wa Ziwani na Akili Nane
Kama uliangalia Sense8 ilipotoka Netflix mwaka 2015, lazima unamkumbuka Capheus. Dereva wa matatu Nairobi, gari lake limeandikwa Van Damn, na kichwani mwake kuna watu wengine saba waliotapakaa duniani. Majambazi wakimvamia, Sun wa Seoul anaingia mwilini mwake na ngumi zinaanza kuruka. Mimi niliimaliza hapa Mbita kwa bando za usiku, na kila niliyemsimulia aliniambia hayo ni mambo ya Wazungu.

Ya Wazungu kweli yapo, tena ya zamani. Olaf Stapledon, katika Star Maker ya 1937, alimtoa Mwingereza mmoja kilimani na kumpeleka kwenye nyota, ambako akili yake iliungana na za viumbe wengine hadi neno “mimi” likakosa maana. Mwaka 1953 Theodore Sturgeon alitoa More Than Human, kuhusu watoto waliotengwa ambao wakiwa pamoja ni kiumbe kimoja. Ila ninayempenda zaidi ni Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi. Katika Mind of My Mind ya 1977, msichana anayeitwa Mary anawafunga watu wenye vipaji vya akili kwenye wavu mmoja, na wavu anaushika yeye. Butler hadanganyiki na utamu wa umoja. Anauliza nani ameshika kamba.

Sasa panda feri hapa Mbita, uvuke Ghuba ya Winam hadi Luanda K'Otieno, kisha uendelee bara hadi Alego. Huko, mwaka 1913, mtu aitwaye Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa ajabu alitoka ziwani, akammeza, akamtapika akiwa mzima. Nyoka huyo alikuwa Mumbo, mwenye makao mawili, juani na ziwani. Alimpa ujumbe: dini ya Wazungu iachwe, Wazungu wenyewe ni maadui na karibu watatoweka, na wanaomfuata Mumbo hawatakosa mifugo wala chakula.

Soma masimulizi yaliyohifadhiwa na utaona kitu. Mumbo ndiye anayesema “mimi”. Mdomo ni wa Onyango, lakini nafsi ya kwanza si yake.

Kwa Waluo hilo halikuwa jipya. Tuna juogi, roho zinazomwingia mtu zikaongea kupitia kwake. Dani aliwahi kunieleza kwamba mtu akishikwa, hamuulizi kama anadanganya. Mnaiuliza juogi inataka nini. Si ajabu basi kwamba Mumbo hakubaki kwa mtu mmoja. Alivuka kuja upande wetu wa kusini, akapanda hadi kwa Wagusii, na huko akachanganyikana na kumbukumbu za Sakawa, mtabiri wao wa zamani. Lugha tofauti kabisa, Kijaluo na Ekegusii, sauti moja. Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakauacha mji kwa muda, watu waliupora. Kwa wafuasi wa Mumbo, unabii ulikuwa unatimia mbele ya macho yao.

Serikali ilirudi na hesabu yake: mwili mmoja, akili moja, mshtakiwa mmoja. Ukitaka kunyamazisha sauti, kamata mdomo. Viongozi wa Mumbo walikamatwa, na baadhi wakahamishiwa Lamu. Lakini dini ile iliendelea, hadi ikapigwa marufuku tena mwaka 1954, miaka zaidi ya arobaini baada ya yule nyoka. Kwenye Sense8 kuna shirika linalowawinda wale wanane mmoja mmoja, kwa imani kwamba ukimshika mmoja umewapata wote. Waandishi wake hawakuhitaji kulibuni. Wangesoma tu faili za utawala wa Nyanza.

Wasomi wetu wamelishughulikia jambo hili. Bethwell Ogot na William Ochieng waliandika kuhusu Mumbo mwaka 1972 kama harakati ya kupinga ukoloni. Audrey Wipper akaliweka kwenye Rural Rebels, iliyotoka mwaka uleule wa kitabu cha Butler. (Natamani wawili hao wangekutana.) Wananieleza vizuri kwa nini watu walifuata: kodi, kazi za kulazimishwa, machifu. Nakubaliana nao. Ila Onyango akiwa ndani ya tumbo la nyoka alikuwa nani? Alipotoka, kulibaki Onyango kiasi gani? Na ule wavu, aliushika yeye au ulimshika? Hapo mwanahistoria huweka kalamu chini, maana hana ushahidi. Mwandishi wa hadithi hahitaji ushahidi. Ndiyo maana nachukia tukiwaachia wengine aina hii ya uandishi, eti si yetu.

Kuhusu Lamu, nina swali moja kwa aliyetia sahihi amri ile. Watu wanasema wanaongea na kitu kinachoishi majini. Unawatoa ziwani, unawasafirisha nchi nzima, halafu unawashusha kisiwani?