Kwa nini ni vigumu kuhamisha visoma skrini vya wasioona

KUBADILIKA kwa aina ya prosesa ndani ya kompyuta ni jambo ambalo watumiaji wengi hawalitambui, lakini kwa asiyeona laweza kumaanisha kompyuta iliyo bubu.

Prosesa ndiyo inayotekeleza amri zote za programu. Hata hivyo, prosesa hazina lugha moja. Programu iliyotayarishwa kwa ajili ya prosesa za x86, zilizoasisiwa na Intel, haieleweki kwa prosesa za ARM mpaka itayarishwe upya au ipatiwe mkalimani.

Apple ilianza kuuza kompyuta za Mac zenye prosesa ya M1 mwaka 2020, na mwaka 2024 zikaingia sokoni kompyuta mpakato za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X. Zote ni za jamii ya ARM. Ndani ya mifumo yao, kampuni ziliweka programu ya kutafsiri amri za x86, hivyo programu nyingi za zamani huendelea kufanya kazi.

Kisoma skrini, ambacho hugeuza maandishi ya kwenye skrini kuwa sauti au nukta nundu, hakinufaiki hivyo kwa urahisi. Sababu ni kwamba baadhi yake, kama NVDA, huingiza sehemu yake ndani ya programu nyingine, kwa mfano kivinjari, ili kusoma yaliyomo kwa haraka. Windows hairuhusu sehemu ya x86 kuingia katika programu iliyotayarishwa kwa ajili ya ARM pekee.

NVDA ilianzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, na hutolewa bure. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Python, lugha isiyofungamana na prosesa moja. Sehemu inayoingia katika programu nyingine imeandikwa kwa C++, nayo hulazimika kutayarishwa mara kadhaa: ya biti 32, ya biti 64 na ya ARM.

Mwaka 2025, wasimamizi wake, NV Access, walitangaza kuwa toleo la 2026.1 lingehama kutoka biti 32 kwenda biti 64. Athari yake ni kwamba sauti za biti 32 haziwezi kupakiwa moja kwa moja, na nyongeza nyingi huhitaji kupitiwa upya na waandishi wake.

Sauti ya eSpeak, ambayo huzungumza pia Kiswahili, ina historia ya kuhama. Jonathan Duddington aliitoa kwanza mwaka 1995 kwa kompyuta za RISC OS, zilizotumia prosesa za ARM. Ilifika Linux mwaka 2006 na Windows mwaka 2007. Kwa hiyo kompyuta mpya za ARM zinairudisha ilikotoka.

Visoma skrini vinavyokuja na mfumo wenyewe, Narrator wa Windows na VoiceOver ya Apple, hutayarishwa pamoja na mfumo huo. Tatizo hubaki kwa vifaa vya nukta nundu vyenye programu endeshi zake, kwani hizo haziwezi kutafsiriwa. Sharti ziandikwe kwa ajili ya ARM.

Kwa shule au ofisi inayonunua kompyuta mpya, ni vyema kujaribu kwanza sauti, nyongeza na kifaa cha nukta nundu juu ya prosesa husika kabla ya kulipa.