Jina la Jemadari Faidherbe

Louis Faidherbe, askari aliyezaliwa Lille, Ufaransa, mwaka 1818, alikuwa Gavana wa Senegal mara mbili: 1854–1861 na 1863–1865. Mwaka 1855 aliitwaa kwa vita nchi ya Waalo. Naye huyo huyo alizichunguza lugha za Kiwolof na Kifulani, akaziandikia. Mjini Saint-Louis alisimamishiwa sanamu katika uwanja uliopewa jina lake, na daraja lililofunguliwa mwaka 1897 likaitwa vivyo hivyo. Daraja lingali na jina hilo. Lakini mwaka 2020 sanamu iliondolewa, na uwanja ukapewa jina la Kiwolof, Baya Ndar. Ndar ndiyo Saint-Louis yenyewe, kama waitavyo wenyeji; jina hilo lilidumu vinywani mwao pasipo amri ya gavana ye yote.